Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Elimu na TAMISEMI: elimu bila ada iandikwe kwenye sheria, na ruzuku ya shilingi 10,000 ipandishwe

KWA:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Dodoma.

YAH: KUOMBA AHADI YA ELIMU BILA ADA IWEKEWE NGUVU YA SHERIA NA FEDHA INAYOTOSHA

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi wa watoto wawili wanaosoma katika shule za Serikali, mmoja msingi na mwingine sekondari, na ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi anakosoma huyo mdogo. Ninawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Hoja hizi nilizifikisha kwa uongozi wa shule, nikazipeleka kata, nikazipeleka halmashauri kwa barua. Nakala yangu ina muhuri wa "IMEPOKELEWA", na tangu ilipogongwa muhuri huo sijapata jibu jingine la maandishi. Kwa mdomo niliambiwa kwamba viwango vya fedha hupangwa juu. Nilipouliza huko juu, nikaambiwa uendeshaji wa shule ni kazi ya halmashauri. Mzazi akipigwa danadana namna hiyo, hana pa kwenda isipokuwa kuwaandikia ninyi wawili kwa pamoja, mbele ya wananchi wote, ili asiwepo wa kumsukumia mwenzake mpira.

Sina nia ya kubeza yaliyofanyika. Tangu Januari 2016 mamia kwa maelfu ya watoto ambao wangeishia kuchunga mifugo au kulea wadogo zao wamepata kiti darasani. Kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19 mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000, yakiwemo 12,000 ya sekondari, na mtoto wangu mkubwa anasoma katika mojawapo. Nashukuru kwa dhati. Ninachokilalamikia ni kwamba ahadi yote hii imesimama juu ya nyaraka na matamko, na kiwango cha fedha kilichoambatana nayo kimebaki pale pale kilipowekwa zamani. Matokeo yake, gharama iliyoondolewa kwa mzazi mlango wa mbele imerudi kwake kupitia dirishani, na anayeadhibiwa ikikosekana ni mtoto.

Hoja zangu ni hizi.

1. Shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haiendeshi shule

Waheshimiwa, ruzuku ya uendeshaji, ile walimu wanayoiita kapitesheni, ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Kiwango hicho cha msingi kilipangwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002. Wakati ule kilikuwa sawa na takriban dola 10 za Marekani, na hesabu hiyo ya dola 10 ndiyo iliyokuwa msingi wake. Leo shilingi hizo hizo 10,000 hazifiki dola 5. Bei ya chaki imepanda, ya karatasi imepanda, nauli ya kwenda kuzifuata mjini imepanda. Ruzuku imebaki vile vile, miaka zaidi ya ishirini.

Na hiyo 10,000 yenyewe haifiki yote shuleni. Kwa utaratibu uliopo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndiyo huingia kwenye akaunti ya shule. Kwa sekondari nusu hubaki na 12,500 huingia. Sina ugomvi na ununuzi wa vitabu wa pamoja, unaweza kupunguza bei na kuhakikisha ubora. Lakini shule haipewi taarifa inayoonyesha kwamba watoto wake kadhaa walikatwa kiasi kadhaa na kwa hiyo wanadai vitabu kadhaa. Kwenye kikao cha kamati tukiuliza, mwalimu mkuu hana karatasi ya kutuonyesha.

Turudi kwenye ile 6,000. Igawanye kwa miezi 12: ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 600 inapata shilingi 300,000 kwa mwezi. Mimi nimekaa kwenye meza ambako fedha hiyo inagawanywa. Zinahitajika chaki. Inahitajika karatasi ya mitihani, na rimu moja peke yake inazidi ile 6,000 ya mtoto ya mwaka mzima. Kuna umeme wa LUKU, kuna bili ya maji, kuna wino wa mashine ya kuchapishia, kuna kitasa cha ofisi kilichovunjwa, kuna bati lililong'olewa na upepo, kuna dawa ya kusafishia vyoo, kuna nauli ya mwalimu anayeitwa halmashauri kupeleka takwimu. Mlinzi bado hajatajwa. Shule ina madawati, ina mashine, sasa nyingine zina vishikwambi vya Serikali, na haina fungu la kumlipa mtu wa kulala pale. Kila kikao tunaishia mahali pamoja: mjumbe mmoja anasema, "Basi turudi kwa wazazi."

Simlaumu mwalimu mkuu wetu. Nimemwona akitoa fedha ya mfukoni kununua boksi la chaki ili Jumatatu vipindi viendelee. Huyu ni mtu aliyewekwa katikati. Akichangisha, mkuu wa wilaya anamtisha kumvua madaraka. Asipochangisha, matokeo yakishuka afisa elimu anamuita ajieleze. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa, jambo jema, lakini huku chini kwenye kata na wilaya shule bado zinapangwa kwa namba na walimu wakuu bado wanasimamishwa mbele ya wenzao kwa sababu ya namba hizo. Hivyo mitihani ya kila wiki na kambi za darasa la nne na la saba zinaendelea, na kila mtihani unahitaji karatasi ambayo ruzuku haiwezi kuinunua.

2. Michango ya hiari inamwadhibu mtoto

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango, na Waraka Na. 3 wa 2016 ukafafanua nani anabeba nini. Januari 2018 Rais wa wakati huo, Hayati Dkt. John Magufuli, alipiga marufuku michango shuleni kwa kauli iliyosikika nchi nzima. Baada ya hapo tukaelekezwa kwamba mwenye kutaka kuchangia achangie kwa hiari, na mwalimu asishike fedha ya mzazi. Kwenye karatasi utaratibu huo ni mzuri.

Sasa niwaeleze unavyoonekana asubuhi ya Ijumaa. Watoto wako mstarini. Baada ya wimbo wa Taifa na matangazo, linafunguliwa daftari la kaunta lenye majina ya kila darasa na alama za vema pembeni. "Ambao hamjatoa hela ya mtihani mbaki." Waliotoa wanaingia darasani. Waliobaki, na mara nyingi ni wale wale kila wiki, wanapewa fagio au wanakaa chini ya mti hadi mtihani uishe. Siku walimu wakiwa na huruma zaidi wanaruhusiwa kuingia, lakini hawapewi karatasi, wanaambiwa wanakili maswali ubaoni. Nilimwona mtoto wa darasa la tano akikimbizana na muda, ananakili swali la nane wakati wenzake wanakusanya. Alama zake wiki ile zilibandikwa ukutani pamoja na za wengine.

Hela yenyewe ni shilingi 500. Kwa mtu mwenye mshahara ni kitu kidogo. Lakini Serikali inampa mtoto huyo 500 kwa mwezi, na mzazi wake anatakiwa kutoa 500 kwa wiki. Mwaka wa masomo una siku 194, yaani wiki karibu 39. Kwa hiyo kwa mitihani ya Ijumaa pekee mzazi anatoa zaidi ya shilingi 19,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya kile Serikali inachoingiza kwenye akaunti ya shule kwa mtoto huyo huyo. Mwenye watoto watatu anazidisha. Hapo bado uji, bado mlinzi, bado maji, bado masomo ya ziada ya jioni, ambayo mtoto asiyeyahudhuria anayakuta kesho yake yamefundishwa kama sehemu ya mada.

Sekondari hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Ada iliyofutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Lakini chukueni fomu ya maelekezo ya kujiunga na kidato cha kwanza katika shule nyingi za kata: rimu za karatasi, jembe na mpini wake, fyekeo, ndoo, fagio la chelewa, mahali pengine kiti na meza. Mzazi akienda dukani na orodha hiyo anatumia zaidi ya ile 20,000 tuliyosamehewa, kabla hajagusa sare, viatu na madaftari. Wapo watoto waliofaulu ambao Januari inapita, Februari inapita, hawajaripoti, na mtendaji anatumwa kuwasaka wazazi wao. Anawasaka kwa kosa la kutompeleka mtoto shule. Hakuna anayetumwa kuisaka orodha.

Najua jibu linalokuja: wazazi waliridhia wenyewe, upo muhtasari wa mkutano. Ni kweli upo. Mimi nimehudhuria mikutano hiyo. Mkutano unaitishwa siku ya kazi saa nne, anakuja mzazi mmoja kati ya watano au sita, wenye uwezo ndio wanaoongea, na mama anayeuza mboga hanyanyui mkono kusema mbele ya watu kwamba hana 500. Kura inapigwa, muhtasari unaandikwa, na kuanzia hapo hiari ya wachache inakuwa sheria kwa wote.

3. Sheria inambana mzazi, haiibani Hazina

Hoja hii ndiyo kiini cha barua yangu, naomba mnivumilie nikiirefusha.

Ibara ya 11 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, na kwamba Serikali itafanya jitihada watu wote wapate fursa sawa na za kutosha za elimu. Maneno mazuri. Lakini ibara hiyo imo katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatiliwi nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Kwa lugha ya mtaani, mtoto aliyefukuzwa mstarini kwa shilingi 500 hawezi kwenda mahakamani akasema Ibara ya 11 imevunjwa.

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, ilitungwa mwaka 1978, miaka minne baada ya Azimio la Musoma kuagiza elimu ya msingi kwa wote. Imewekewa viraka vingi tangu wakati huo. Inamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria, na asipofanya hivyo kuna adhabu. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kote huko mzazi ana wajibu ulioandikwa, na wajibu huo una meno. Nikaitafuta upande wa pili ibara inayosema Serikali itaipa kila shule ya umma kiasi fulani kwa kila mtoto, kitakachopitiwa kila baada ya muda fulani, na kisipofika mtu fulani atawajibika. Sikuiona. Wajibu huo wa fedha umo kwenye waraka, na waraka huandikwa na ofisa na kufutwa na ofisa.

Historia inatuonyesha udhaifu wa njia hii. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, kuelekea kuanza kwa MMEM. Baada ya miaka michache michango ikaota upya. Ikafutwa tena kwa waraka mwaka 2015. Ikabidi Rais mwenyewe aipige marufuku kwa mdomo mwaka 2018. Leo ninawaandikia kuhusu michango ile ile. Kitu kinachofutwa mara tatu na kikarudi mara tatu hakihitaji tamko la nne.

Wasichana waliopata ujauzito wameonja hili kuliko mtu yeyote. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitoa nafasi ya kumfukuza mtoto kwa kosa la kimaadili au kwa kuolewa, na shule zikazitumia kuwaondoa. Juni 2017 likatoka tamko jukwaani kwamba aliyejifungua hatarudi. Novemba 2021 Wizara ikafungua mlango, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 ukaruhusu wote waliokatiza masomo kurejea. Niliufurahia waraka huo. Lakini mtoto yule yule, katika nchi ile ile, chini ya Katiba ile ile, alikuwa hana haki ya kurudi Oktoba na akawa nayo Desemba, bila Bunge kubadilisha kifungu hata kimoja. Kilichotolewa kwa waraka kinaweza kuondolewa kwa waraka. Binti anayenyonyesha usiku na kusoma mchana anastahili ulinzi ulio imara kuliko hisani ya aliyeko ofisini mwaka huo.

Na sasa tuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais hapa Dodoma Februari 2025. Sera inataka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Ni hatua kubwa. Swali langu ni moja tu: mnapomlazimisha mzazi kwa miaka 10 badala ya 7, ni kifungu gani kitakachoilazimisha Serikali kulipia hiyo miaka 10?

4. Chakula

Waraka Na. 3 wa 2016 umemwachia mzazi chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Sina maneno mengi hapa. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa kumi jioni hawezi kusoma bila kula, na pale ambapo wazazi wamechangia mahindi na maharage, asiyechanga hali. Wenzake wanajipanga na sahani, yeye anaenda bombani. Nchi yenye kilimo kama chetu, na ghala la Taifa la chakula, inaweza kuanza na uji kwa madarasa ya chini. Msituachie jambo hili sisi wenyewe kijiji kwa kijiji.

5. Januari 2028 inakuja

Mitaala mipya ilianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Walioanza darasa la tatu mwaka ule watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huo huo wa 2027, waliokuwa darasa la nne watamaliza la saba chini ya utaratibu wa zamani. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza Januari 2028 kwa pamoja. Hili wizara zenu zinalijua, mmelisema wenyewe.

Kanuni ya kitaifa ni wanafunzi 40 kwa darasa la sekondari na 45 kwa msingi, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Katika shule ya mwanangu mkubwa hata kabla ya 2028 wanakaa zaidi ya hapo, na wasichana wanapanga foleni ya choo hadi kengele ya mapumziko inawakuta. Madarasa yanaweza kujengwa kwa mwaka mmoja, tuliliona hilo 2021. Mwalimu wa fizikia hajengwi kwa mwaka mmoja. Ninachoogopa ni kwamba ifikapo mwishoni mwa 2027 tutaitwa mikutano ya dharura, tutaambiwa tuchangie mchanga, mawe na mafundi, na atakayechelewa atasakwa na mgambo. Mwaka 2028 hauji kwa kushtukiza. Mpango wake uwe mezani sasa, kwa kila halmashauri, wananchi wauone.

Naomba pia nijibu mapema baadhi ya utetezi ambao nimeshausikia.

Mtasema Serikali inapeleka mabilioni kila mwezi. Ni kweli, mpango ulipoanza mwaka 2016 ilitangazwa kuwa ni shilingi bilioni 18.77 kwa mwezi. Lakini fungu hilo lina fidia ya ada, ruzuku na chakula cha bweni, na kinachobaki kikifika kwa mtoto wa darasa la pili ni zile shilingi 500 nilizozieleza. Ukubwa wa jumla haupunguzi udogo wa fungu la mtoto mmoja.

Mtasema wazazi wamebweteka, hawataki tena kuchangia maendeleo. Hapana. Shule za kata nchi hii zilijengwa na wananchi waliobeba maji na mawe vichwani, na wengi wetu tuko tayari kubeba tena. Tunachokataa ni mchango unaompima mtoto utu wake mstarini.

Mtasema bajeti ni finyu na vipaumbele ni vingi. Hilo nalielewa, na ndiyo maana sitawaomba kila kitu kwa mwaka mmoja. Hata hivyo, bajeti ya mwaka 2022/23 ilifuta ada ya kidato cha tano na sita, na uamuzi ulipofanyika fedha ilipatikana.

Ninachoomba, Waheshimiwa, ni haya:

Kwanza, pelekeni Bungeni Muswada wa Sheria mpya ya Elimu utakaotamka wazi kwamba elimu ya lazima ya miaka 10 ni haki inayodaiwa mahakamani, na kwamba Serikali ina wajibu wa kuigharimia. Kifungu kimoja kiseme kwamba hakuna mwanafunzi wa shule ya umma atakayezuiwa darasa, mtihani, chakula au matokeo kwa sababu ya mchango ambao mzazi wake hajatoa. Kingine kiulinde urejeo shuleni wa msichana aliyejifungua.

Pili, ruzuku ya uendeshaji ipangwe upya kwa kuanzia na gharama halisi za shule, ipitiwe kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, na shule ndogo ziwe na kiwango cha chini kisichoshuka, maana shule yenye watoto 150 inahitaji mlinzi kama ile yenye 900. Mlinzi, maji, umeme na mitihani ya ndani viingizwe humo kwa majina. Kama mwaka wa kwanza mnaweza kuirudisha tu kwenye thamani iliyokuwa nayo mwaka 2002, anzeni na hilo.

Tatu, kila shule ibandike kwenye ubao wa matangazo, kila mwezi, fedha iliyoingia, iliyotumika na iliyokatwa juu kwa ajili ya vitabu. Pembeni yake ibandikwe orodha ya michango iliyopigwa marufuku. Hili halihitaji sheria wala fedha. Linaweza kuanza mwezi ujao.

Nne, wizara zenu mbili ziteue dawati moja la malalamiko ya elimu katika kila halmashauri, lenye wajibu wa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Mlalamikaji alindwe, na mtoto wake alindwe zaidi. Wapo wazazi waliokataa kusaini barua yangu ya awali kwa kuhofia mtoto ataitwa ofisini.

Tano, tangazeni mpango wa 2028: madarasa, vyoo, maabara na walimu wanaohitajika kwa kila halmashauri, na fedha yake inatoka wapi.

Bunge la Bajeti huanza Aprili. Naomba maombi yangu ya pili na ya tano yaonekane kwenye makadirio ya wizara zenu, na ratiba ya Muswada itajwe ndani ya hotuba zenu, kwa mwezi na mwaka. Majibu yenu nitayapokea kwa maandishi kupitia ofisi ya halmashauri yenye nakala ya barua yangu, na nitayasoma yote, neno kwa neno, mbele ya wazazi wenzangu kwenye mkutano wa shule utakaofuata.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi

Nakala:
Kamati ya Kudumu ya Bunge inayosimamia masuala ya elimu
Tume ya Utumishi wa Walimu
Wazazi na walezi wote wenye watoto katika shule za Serikali